Sauti ya Popo, Bei ya Binadamu

Nilidanganya. Wacha nianzie hapo ndio tuelewane.

Rafiki yangu mmoja, mse wa kompyuta mwenye kazi nzuri, alinialika kwake Jumapili nisikilize mtambo wake mpya. Mezani palikuwa na hedifoni zenye waya mnene kama kamba ya mbuzi, kidude cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, na simu yenye kibandiko cha dhahabu kilichoandikwa Hi-Res Audio. Akanivisha hedifoni polepole, kama kasisi anayebariki mtoto. Akacheza wimbo. Akaucheza tena.

"Ule wa kwanza ni wa kawaida," akasema. "Huu sasa ni biti 24, kilohezi 192. Umesikia vile vyombo vimeachana? Umesikia hewa kati ya gitaa na sauti ya mwimbaji?"

"Eish, buda, hii ni noma," nikamjibu.

Sikuwa nimesikia kitu. Mara zote mbili wimbo ulikuwa mtamu, na ulikuwa mtamu sawasawa. Lakini ningesemaje? Kusema sisikii tofauti ilikuwa kama kukiri mbele ya watu kwamba masikio yangu ni ya mtaa, masikio yaliyolelewa na wufa ya jirani na spika ya nganya, masikio ambayo hayajaenda shule. Nikapanda matatu jioni hiyo nikirudi Umoja, na njia nzima nilikuwa najiuliza nina kasoro gani.

Sina kasoro. Wewe pia huna. Na makala haya yapo kwa sababu najua hatuko wawili tu tuliowahi kuitikia kwa kichwa ili tusionekane washamba.

Ninachosema ni hiki, na nitakitetea: kwa mtu anayesikiliza muziki kama sisi wengi tunavyousikiliza, sauti ya kidijitali inayopita kiwango cha CD haistahili kulipiwa hata shilingi moja ya ziada. Si kwamba wewe ni maskini wa kuisikia. Ni kwamba kilichoongezwa pale hakikuumbiwa sikio la mtu. Ubaya zaidi ni kwamba kelele za biti na kilohezi zinatufanya tusiangalie mambo yanayoharibu muziki wetu kikweli. Hayo nitayafikia.

Kwanza hesabu, na usikimbie, ni hesabu ya kawaida.

Sauti ni hewa inayotikisika. Ikitikisika mara 100 kwa sekunde tunasema hiyo ni Hezi 100, mlio wa besi. Sikio la binadamu kijana na mwenye afya linasikia kuanzia takriban Hezi 20 hadi Hezi 20,000, yaani kilohezi 20. Umri ukisonga, huo upande wa juu unafifia. Watu wengi wa makamo hawana habari na chochote kinachopita kilohezi 15 au 16. Wala hawajakosa mengi. Noti ya juu kabisa ya piano, ile ya mwisho kulia ambayo hakuna mtu huigusa, iko karibu Hezi 4,200. Kinachobaki juu ya hapo ni mng'ao: msasa wa matoazi, "s" ya mwimbaji, ukucha ukigusa waya wa gitaa.

Kompyuta haiwezi kuhifadhi hewa, kwa hivyo inaipima. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kutoka kwa Sony na Philips, huipima mara 44,100 kila sekunde. Kwa nini namba hiyo? Kwa sababu kuna kanuni ya hisabati, kazi ya Harry Nyquist na Claude Shannon, inayosema kwamba ukipima mtikisiko zaidi ya mara mbili ya kasi yake, unaweza kuurudisha wote kama ulivyokuwa. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Hiyo tayari inapita mwisho wa sikio lako.

Hapa ndipo wauzaji wanakupiga chenga. Wanakuonyesha picha mbili: moja ina ngazi-ngazi kama za jengo la ghorofa, wanasema hiyo ni CD; nyingine ni laini kama mgongo wa pomboo, wanasema hiyo ni Hi-Res. Unaona kwa macho yako, unashawishika. Lakini picha hiyo ni ya uongo. Kumbuka somo la duara shuleni. Ukipewa nukta tatu ambazo haziko kwenye mstari mmoja, kuna duara moja tu duniani linaloweza kupita zote tatu. Ukiongeza nukta ya nne, ya kumi, ya mia, duara litakuwa lile lile. Halizidi kuwa duara. Sauti nayo ni hivyo: nukta zikitosha, wimbi linalorudi ni moja tu, laini, halina ngazi. Kilohezi 192 hazilainishi kitu ambacho tayari ni laini. Zinachofanya ni kubeba pia mitikisiko ya hadi kilohezi 96, na huko juu mteja wako ni popo.

Sifanyi mzaha. Mbwa husikia hadi karibu kilohezi 45. Paka humpita mbwa. Popo huwapita wote wawili. Kile kibandiko cha dhahabu kinataka hedifoni ziweze kufika kilohezi 40, yaani mara mbili ya mahali ambapo sikio lako lilifunga mlango. Ni sawa na kuuziwa miwani kwa sababu inaonyesha vizuri rangi ambazo jicho la mtu halina.

Sasa biti. Si ile biti ya prodyuza, hii ni ile ya kompyuta. Biti zinaamua umbali kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa ambayo faili inaweza kubeba bila mvumo wake yenyewe kuingilia. Biti 16 za CD zinatoa kama desibeli 96. Biti 24 zinatoa kama 144. Inaonekana ni ushindi mkubwa, sivyo? Basi weka namba hizo ndani ya chumba chako. Chumba kilichotulia usiku kina kelele za kama desibeli 30: friji, mbwa wa mbali, mlinzi akikohoa. Ili usikie desibeli 96 zote za CD juu ya kelele hiyo, itabidi ufungue sauti hadi desibeli 126. Hapo si muziki tena, ni maumivu. Ukitaka 144 zote, utakuwa umeshapasua kitu, na sisemi spika.

Na huo ni usiku, ukiwa kimya. Ndani ya matatu kelele peke yake inaweza kufika desibeli 80. Katika hali hiyo huna nafasi ya kutumia hata robo ya kile biti 16 zilikupa mwaka 1982.

Najua swali linalokuja: kama biti 24 hazina maana, mbona studio zote hurekodi kwa biti 24? Swali zuri, na jibu liko kwa fundi wa nguo. Fundi mzuri huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Anajua atapunguza hapa, ataachia pale, mteja amenenepa, mteja amekonda. Prodyuza naye anarekodi mwimbaji ambaye saa hii ananong'ona na dakika ijayo anapiga nduru. Kisha atapandisha, atashusha, atachanganya nyuzi hamsini za sauti. Anahitaji nafasi ya kukosea na kurekebisha. Nguo ikishakuisha, kile kitambaa cha ndani huvai wewe. Hakuna mtu amewahi kusimamishwa tao akisifiwa mshono wake wa ndani. Ukiona vyaelea vimeundwa, ndio, lakini hununui jukwaa la fundi pamoja na jahazi.

Wacha hesabu basi, wengine watasema. Sikio ni sikio. Je, watu wamejaribu?

Wamejaribu. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, matokeo ya jaribio refu. Walichukua rekodi za ubora wa juu, wakawa wanazipitisha au kutozipitisha kwenye kifaa kinachozishusha hadi kiwango cha CD, bila msikilizaji kuambiwa ni ipi. Wasikilizaji wao hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani. Walikuwemo wapenzi wa mitambo na watu wa kazi hiyo. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni nusu. Ungerusha shilingi ungepata vivyo hivyo.

Sitaki kukuficha upande wa pili, maana polisi wa mitambo watanijia. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya majaribio 18 ya aina hii, zaidi ya mara 12,000 za kusikiliza, akayajumlisha. Akapata kwamba watu kwa ujumla waliweza kutofautisha, kidogo: asilimia 52.3, ambapo kubahatisha tu kungewapa 50. Waliopewa mafunzo kabla walikaribia 60. Watu wa Hi-Res huinua utafiti huo kama kombe. Mimi nawaambia waunyanyue tu, lakini wausome. Unasema mtu aliyefunzwa, akiwa ametulia kwenye chumba kizuri, na vifaa vizuri, na umakini wote uko kwenye kutafuta tofauti, bado anakosa mara nne kati ya kumi. Na wewe uko ndani ya mathree ya Rongai, makanga anagonga bodi, jirani yako anapiga simu ya kuachana na mtu. Utasikia hewa gani?

Tena kuna jambo Meyer na Moran waliliona ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala wote. Walisema diski nyingi za ubora wa juu walizotumia zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida za madukani. Lakini walipozishusha hadi kiwango cha CD, ziliendelea kusikika vizuri! Utamu haukuwa kwenye biti. Ulikuwa kwenye mikono ya waliozichanganya, waliofanya kazi polepole wakijua mnunuzi wao ana makini. Mtu anasikia kazi nzuri ya fundi, anaambiwa alichosikia ni namba, kisha anauziwa namba.

Na amekuwa akiuziwa muda mrefu. Mwaka 1999 ilikuja SACD, baadaye DVD-Audio. Waliahidi kuizika CD, ikawazika wao. Mwaka 2014 mwanamuziki Neil Young akachangisha mtandaoni zaidi ya dola milioni 6 kutengeneza Pono, kichezeo cha dola 399 cha kurudisha roho ya muziki. Kufikia 2017 biashara ilikuwa imefungwa. Mwaka huo huo wa 2014 ikazinduliwa MQA, iliyosema imepata njia ya kukunja sauti ya ubora wa juu ndani ya faili ndogo. Tidal wakaikumbatia, watu wakanunua vifaa vyenye taa maalum ya kuwaonyesha kwamba sasa wanasikia kitu halisi. Aprili 2023 kampuni ikaishiwa na pesa, ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi, na Tidal wakahamia FLAC. Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kimetembezwa kwa zaidi ya miaka ishirini na tano na miguu imevimba.

Siku hizi kimebadilisha mavazi. Apple waliongeza sauti isiyopunguzwa na Hi-Res mwaka 2021 bila kutoza zaidi, na kwenye maelezo yao wenyewe wanakubali kwamba tofauti kati ya faili yao ya kawaida na isiyopunguzwa ni ngumu mno kuisikia. Wanasema pia kwamba kwa kiwango cha juu kabisa unahitaji kidude cha nje cha kuchomeka. Spotify wakafuata Septemba 2025. Kama ni bure, mbona nikasirike?

Nakasirika kwa sababu si bure. Kuna pahali unalipa. Tupige hesabu ya bando.

Wimbo wa kilobiti 320 kwa sekunde, kile kiwango cha juu cha zamani cha Spotify, unakula takriban MB 2.4 kwa dakika. Wimbo wa biti 24 na kilohezi 192 bila kubanwa ni karibu MB 69 kwa dakika. Hata ukibanwa kwa FLAC hadi nusu, ni zaidi ya MB 34. Kwa hivyo GB moja inakupa karibu saa saba za muziki kwa njia ya kwanza. Kwa njia ya pili inakupa nusu saa, hata hujafika kazini. Kijana anayenunua bando la siku kwa shilingi za kuhesabu, akiwasha kile kitufe cha ubora wa juu kwa sababu jina lake linavutia, amechoma pesa ya chakula cha mchana ili kumsafirishia popo mzigo.

Halafu mzigo wenyewe haufiki. Iafoni nyingi tunazovaa ni za Bluetooth, na njia ya kawaida ya Bluetooth hupitisha kama kilobiti 300 hivi kwa sekunde. Simu inapokea faili kubwa, inaifungua, inaibana upya ili ipite. Ni kama Thika Superhighway: leni nyingi, magari yanateleza, kisha mnafika Pangani na kila mtu anasukumana kuingia tao. Haijalishi huko Ruiru mlikuwa na leni ngapi. Zipo njia pana zaidi, kama LDAC ya Sony inayofika kilobiti 990 hali ikiwa nzuri, lakini hata hiyo haitoshi kubeba zile 9,216 za kilohezi 192.

Sasa mtu asiniambie nasema ubora hauna maana, kwamba maskini asikilize chochote. Hapana. Ubora una maana sana, ndiyo maana nina uchungu na pahali tunautafuta.

Kuna faili mbovu, na mbovu inasikika hata na masikio ya mtaa. Wimbo uliorekodiwa kutoka kaseti, ukapakiwa YouTube, ukapakuliwa na programu ya bure, ukatumwa WhatsApp, ukaingia flashi ya dereva: kila mahali pale ulibanwa upya, na kila mara ukaacha nyama. Matoazi yanachemka kama mafuta ya mandazi. Hapo ubora umepotea kweli. Dawa yake si kilohezi 192. Dawa ni kupata faili moja safi ya kiwango cha CD au hata MP3 ya 320 iliyotengenezwa mara moja tu, vizuri. Ukitaka kuhifadhi muziki wako wa maisha, hifadhi FLAC ya kiwango cha CD. Ukiigeuza kesho kwa kifaa kipya hutapoteza kitu. Hilo natetea. Ni hapo juu yake ndipo nakataa.

Kuna pia ubaya unaofanywa studioni. Kwa miaka mingi nyimbo zimekuwa zikibanwa ili zisikike kwa nguvu kuliko za jirani: sauti za chini zinapandishwa, za juu zinakatwa vichwa, hadi hakuna anayenong'ona, wote wanapiga kelele. Albamu ya Metallica ya 2008, Death Magnetic, ilibanwa hivyo hadi mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilisikika vizuri kuliko kwenye CD. Fikiria, mchezo wa video! Kumwaga wimbo kama huo ndani ya biti 24 ni kumimina supu iliyoungua kwenye bakuli la kaure. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Na siku hizi hata sababu ya kuvuma imeisha, maana Spotify na Apple Music husawazisha nguvu ya nyimbo. Prodyuza wa Nairobi anayeendelea kubana kila kitu anaharibu bure.

Halafu kuna sikio lenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Kipimo chao cha usalama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sisi tunaingia ndani ya gari lenye desibeli 80 za kelele tupu, kisha tunafungua iafoni hadi zishinde kelele hiyo, kwenda na kurudi, siku tano. Zile seli ndogo zenye vinywele ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Za masafa ya juu ndizo hutangulia kufa. Yaani tunatafuta pesa za kununua kilohezi ambazo hatujawahi kuzisikia huku tukizika zile tulizozaliwa nazo. Ukinunua iafoni zinazoziba sikio vizuri, hata za bei ya wastani, zikakusaidia kushusha sauti, umefanya jambo kubwa kwa muziki kuliko kibandiko chochote cha dhahabu.

La mwisho ndilo linaniuma zaidi. Kuna pahali pamoja ambapo biti 24 zina kazi halali, na pahali hapo hapana pesa.

Wazazi wetu waliipenda Les Wanyika kupitia redio ya masafa ya kati ya Sauti ya Kenya, ambayo haikubeba zaidi ya kilohezi tano hivi. Kilohezi tano! Walipendana nazo, wakaoana nazo, wakatuzaa. Lakini kanda za studio zilizozaa nyimbo za enzi hiyo, za benga, za rumba ya Nairobi, za taarab ya Mombasa, zilibeba zaidi ya hizo. Kanda hizo zina uhai wake. Gundi inayoshika ule unga wa sumaku hunyonya unyevu, ikawa nata, ukungu unaingia, mashine za kuzichezea zinaisha, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Mwaka 2019 mpango mmoja wa UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walipiga kengele: wataalamu wengi waliamini kwamba takriban mwaka 2025 ndio ungekuwa mwisho wa kuweza kuziokoa kanda za sumaku kwa wingi. Hesabu mwenyewe uone tuko wapi.

IASA hao ndio wanaosema kanda ikiokolewa isipimwe chini ya biti 24 na kilohezi 48, na wengi huenda hadi 96. Hapo sina ubishi. Unaokoa kitu mara moja tu, labda kanda itapukutika ikizunguka kwa mara ya mwisho, kwa hivyo unaacha kitambaa cha ziada kwa fundi wa kesho ambaye atakuwa na zana usizozijua. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa 2007, imefanya kazi ya kufuatilia nyayo za benga na za muziki wa Wakikuyu na kuzitoa kwa vitabu na CD. CD, unasikia? Zikatosha. Lakini kwa kila kanda iliyofikiwa, ziko ambazo zimelala kwa bohari, kwa stoo ya mjane, chini ya kitanda cha mtu aliyekuwa akipiga gitaa la pili. Sisi huku tunabishana kuhusu hewa kati ya vyombo, na vyombo vyenyewe vinaoza.

Ndiyo maana nasema hili si suala la wapenzi wa mitambo tu. Ni suala la tunachokiita ubora, na nani ana haki ya kutuambia hatuujui. Anayekuambia masikio yako hayatoshi anakuuzia dawa ya ugonjwa aliokuletea mwenyewe.

Nilirudi kwa rafiki yangu. Wiki mbili baadaye nilimpigia nikamwambia ukweli, kwamba nilidanganya. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, kisha akakasirika. Tukakubaliana tufanye jaribio. Yeye ndiye alikaa kwa kiti, hedifoni zake, mtambo wake, wimbo aliouchagua mwenyewe. Tukachukua faili yake ya biti 24, tukatengeneza nakala ya kiwango cha CD kutoka kwa faili hiyo hiyo, sauti zikiwa na nguvu sawa, maana hata tofauti ndogo ya nguvu hudanganya sikio. Kuna programu ya bure ya kompyuta, foobar2000, yenye kiongezo cha kufanya jaribio hilo bila mtu kujua inacheza ipi. Mara kumi. Alipata tano.

Hakusema kitu. Mimi pia sikucheka, nilijua ile aibu ina ladha gani. Akavua hedifoni, akachomeka zile spika zake ndogo za zamani, tukasikiliza muziki hadi giza likaingia, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyeuliza ni kilohezi ngapi.

Fanya jaribio hilo nawe kabla hujanunua chochote. Mara kumi, bila kuchungulia. Kubahatisha tu hadi upate tisa au zaidi ni bahati ya kama mara moja kwa mia, kwa hivyo ukipata tisa nitaamini kwamba unasikia kitu, nami nitanunua chai na mandazi mawili. Ukipata tano au sita, karibu kwetu. Pesa uliyokuwa umetenga, nenda nayo kwa shoo ya mtu anayepiga gitaa mbele ya macho yako. Pale hewa kati ya vyombo utaipata, tena kwa wingi.